Mzizi Haujui Sumu: Namna Mimea Inavyofyonza Metali Nzito na Wajibu wa Wakazi wa Amani

Katika safu ya Usambara Mashariki, maji hayapotei. Mvua inayonyesha juu ya misitu ya Amani huingia ardhini, hutoka katika chemchemi, hukusanyika katika vijito, na hatimaye huingia Mto Zigi unaoteremka hadi bwawa la Mabayani, ambako maji ya Jiji la Tanga huchukuliwa. Njiani, maji hayo hayo hunywesha mifugo, hujaza ndoo za kaya na kumwagilia bustani za mchicha, mnavu, matembele na magimbi zilizopo mabondeni. Basi chochote kinachotupwa katika kijito cha mlimani kina nafasi ya kufika mbali kuliko aliyekitupa.

Suala hili si la kufikirika. Katika miaka ya 2003 na 2004, habari za dhahabu katika eneo la Sakale ziliwavuta watu wengi kutoka ndani na nje ya mkoa, wakachimba kingo na sakafu za vijito vilivyo jirani na Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani, hifadhi iliyotangazwa rasmi mwaka 1997. Serikali iliingilia kati na kuwaondoa wachimbaji. Tangu wakati huo, hofu ya kurudi kwa uchimbaji usio na kibali, na ya zebaki inayotumika kukamatia dhahabu, imekuwa ikizungumzwa vijijini na mjini pia. Swali ambalo wakulima wengi hulitoa ni jepesi kwa maneno na zito kwa maana: je, sumu iliyomo katika udongo au maji huingia ndani ya mboga? Kama huingia, hupitia wapi?

Makala haya yanaeleza jibu la swali hilo kwa hatua, kuanzia udongo hadi sahani, kisha yanaonyesha mambo ambayo kaya, kikundi au serikali ya kijiji inaweza kuyafanya.

Metali nzito ni zipi?

Metali nzito ni kundi la metali zenye uzito mkubwa kwa ujazo wake. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya zebaki hukaribia kilo 13.5. Katika kundi hili wamo wanaofaa na wasiofaa. Zinki, shaba, manganizi na nikeli huhitajiwa na mmea kwa kiasi kidogo sana, na mmea unaozikosa hudhoofika. Risasi, zebaki na kadimiamu hazina kazi inayojulikana katika lishe ya mmea wala ya mwanadamu. Aseniki, ingawa kwa kemia si metali kamili, hujadiliwa pamoja nazo kwa kuwa madhara yake yanafanana na yao.

Tofauti kubwa kati ya sumu hizi na nyingine ni kwamba metali haiozi. Kinyesi, majani na hata viuatilifu vingi huvunjwavunjwa na vijidudu vya udongo kadiri muda unavyokwenda. Risasi hubaki risasi. Inaweza kubadilisha umbo, kushikana na chembe nyingine au kuhama na mmomonyoko, lakini haiishi. Ndiyo maana udongo wa kando ya barabara kuu za zamani duniani bado una risasi iliyotokana na petroli, ingawa nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliachana na petroli ya aina hiyo kufikia mwaka 2006.

Hatua ya kwanza: metali lazima iyeyuke

Mzizi hauli udongo. Hunywa maji yaliyomo katikati ya chembe za udongo, pamoja na vile vilivyoyeyuka ndani yake. Kwa hiyo kiasi chote cha metali kilichopo shambani si kipimo cha hatari. Kipimo ni kile kilichoyeyuka, au kinachoweza kuyeyuka kwa urahisi.

Mambo matatu huamua jambo hilo. La kwanza ni uchachu wa udongo, yaani kiwango chake cha tindikali, kinachopimwa kwa pH. Udongo ukiwa mchachu, metali nyingi huachia chembe za udongo na kuingia katika maji. Uchachu ukipungua, metali hizo hujishika tena. La pili ni mboji. Mboji na mfinyanzi zina chaji ya umeme inayokamata metali kama sumaku inavyokamata misumari. La tatu ni hewa. Udongo uliojaa maji, kama wa jaruba la mpunga, huishiwa na oksijeni. Hapo kadimiamu hujifunga zaidi, lakini aseniki hufunguka.

Mzizi wenyewe nao hauketi ukingoja. Hutoa tindikali laini kuzunguka ncha zake ili kulegeza fosforasi, chuma na zinki unazozihitaji. Kwa kufanya hivyo, huenda ukalegeza pia kile usichokihitaji.

Hatua ya pili: kupita mlangoni

Ncha ya kila mzizi imezungukwa na vinyweleo vyembamba mno, ambavyo huongeza sana eneo la kunyonyea. Ukuta wa nje wa seli za vinyweleo hivyo una chaji hasi, na metali nyingi zilizoyeyuka zina chaji chanya. Hivyo metali huvutwa na kunata ukutani kabla hata ya kuingia ndani. Sehemu kubwa ya risasi huishia hapo.

Ili iingie ndani ya seli, metali lazima ipite katika utando wake. Utando huo una milango ya protini, na kila mlango umeumbwa kwa ajili ya kirutubisho fulani: huu wa chuma, huu wa zinki, huu wa manganizi, huu wa fosforasi. Tatizo ni kwamba milango hii hutambua umbo na chaji, haitambui sumu. Kadimiamu inafanana kiasi na zinki, chuma na manganizi. Hivyo huingia kupitia milango yao. Aseniki katika umbo lake moja hufanana na fosfeti, na katika umbo jingine hupenya katika milango ya silika, ambayo ni mingi katika mpunga. Ni sawa na bawabu anayeangalia sare bila kuuliza jina la aliyeivaa.

Hapa pana somo muhimu kwa mkulima. Mmea wenye njaa ya chuma au zinki huongeza idadi ya milango yake ili upate zaidi. Milango ikiongezeka, kadimiamu nayo hupata nafasi kubwa zaidi. Shamba lililochoka na lenye upungufu wa virutubisho, kwa hiyo, huweza kupeleka sumu nyingi katika mboga kuliko shamba lililotunzwa vyema, hata kama udongo wa mashamba hayo mawili una kiasi kilekile cha kadimiamu.

Hatua ya tatu: ukaguzi wa ndani

Baada ya ngozi ya nje, maji na vilivyoyeyuka husafiri kuelekea katikati ya mzizi kwa njia mbili. Njia moja hupita ndani ya seli, kutoka seli moja hadi nyingine. Njia ya pili hupenya katika kuta na nafasi zilizo kati ya seli, bila kuingia ndani yake. Njia hii ya pili ni ya mkato, na laiti ingekuwa wazi hadi mwisho, mmea usingekuwa na namna ya kuzuia chochote.

Lakini haiko wazi. Kuzunguka kiini cha mzizi kuna tabaka la seli lililofungwa kwa mkanda wa nta na vitu vigumu visivyopitisha maji. Mkanda huo huitwa mkanda wa Caspary, kwa jina la Robert Caspary, mtaalamu wa mimea wa Ujerumani aliyeueleza mwaka 1865. Ukifika hapo, mkato unakoma: kila kilichomo ndani ya maji hulazimika kupita katika utando wa seli, mahali penye milango na ukaguzi. Metali nyingi hukwama katika kizuizi hiki. Ndiyo sababu, kwa mimea mingi, mizizi huwa na risasi na zebaki nyingi kuliko shina na majani.

Mkanda huo una udhaifu wake. Katika ncha changa kabisa za mizizi bado haujakomaa, na mahali ambapo mzizi wa pembeni unachipuka, hupasuka kwa muda. Mizizi iliyokatwa kwa jembe au iliyotobolewa na minyoo fundo nayo huacha nafasi ya kupenya.

Hatua ya nne: kupanda juu

Kilichofaulu ukaguzi hupakiwa katika mishipa ya maji, inayoitwa zailemu. Mishipa hii haina pampu. Jua linapopiga majani, maji huvukizwa kupitia vitundu vidogo vya majani, na mvuto huo huburuta maji mengine kutoka mizizini, kama mtu anyonyaye dafu kwa mrija. Jani kubwa, jembamba na lenye kukua haraka huvukiza maji mengi. Na penye safari nyingi za maji ndipo penye mizigo mingi. Mchicha na jamii nyingine za mboga za majani ni mfano dhahiri.

Mbegu, nafaka na matunda hulishwa zaidi na mishipa mingine, ile inayogawa sukari iliyotengenezwa na majani. Mishipa hiyo hupokea metali chache zaidi. Kutokana na hilo hupatikana kanuni ya jumla ambayo mkulima anaweza kuikumbuka: hatari aghalabu huwa kubwa katika mboga za majani, hufuata mazao ya mizizi, na huwa ndogo katika matunda na nafaka. Mpunga unavunja kanuni hiyo kwa baadhi ya sumu, hasa aseniki na kadimiamu.

Mmea unavyojilinda, na kwa nini kinga hiyo haimlindi mlaji

Metali ikishaingia ndani ya seli, mmea hutengeneza minyororo midogo ya protini yenye salfa, ambayo huikamata na kuifunga. Watafiti wa Ujerumani waliitambua minyororo hiyo katika mimea mwaka 1985. Kifurushi hicho kisha husukumwa katika ghala la seli, liitwalo vakuoli, na kufungiwa humo mbali na shughuli za uhai wa mmea.

Kwa mmea, tatizo limekwisha. Kwa mlaji, ndipo linapoanza. Jani lenye kadimiamu iliyofungiwa ghalani laweza kuwa la kijani kibichi, pana na lenye kuvutia sokoni. Halina doa, halina harufu, halina uchungu. Linapotafunwa na kusagwa tumboni, ghala hufunguka. Wakazi wanaopima usalama wa bustani kwa kuangalia ustawi wa mboga wanapima afya ya mmea, si afya ya chakula.

Kila metali na mwendo wake

*Kadimiamu* ndiyo msafiri mwepesi kuliko zote. Huingia kwa urahisi, hupanda kwa urahisi na huketi katika majani. Katika mwili wa mwanadamu hukusanyika katika figo na huweza kukaa humo kwa miaka 10 hadi 30. Vyanzo vyake ni pamoja na betri za aina fulani, rangi, taka za viwandani na baadhi ya mbolea za fosfeti. Majani ya tumbaku yanaifyonza sana, na hilo ni sababu nyingine ya wavutaji kuwa nayo kwa wingi mwilini.

*Risasi* ni nzito wa mwendo. Hunata udongoni na mizizini, na ni kidogo tu hupanda. Hatari yake kubwa ni vumbi na matope yanayorukia majani, au udongo unaobaki katika maganda ya mihogo, viazi na magimbi. Watoto wadogo, ambao hutia mikono mdomoni wakicheza, huathirika zaidi, kwani risasi huharibu ukuaji wa ubongo.

*Zebaki* huwashangaza wengi. Ile iliyo udongoni hukwama zaidi mizizini. Zebaki inayokutwa katika majani aghalabu imetoka hewani: mchimbaji anapochoma mchanganyiko wa zebaki na dhahabu, mvuke hupaa, nao hupenya katika vitundu vya majani ya kisamvu, mchicha na miti ya jirani. Majani yanapopukutika na kuoza, zebaki hiyo huingia udongoni, kisha mtoni. Ndani ya matope yasiyo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa zebaki ya kaboni, iliyo kali zaidi na ambayo hukusanyika katika samaki.

*Aseniki* hufuata njia ya fosforasi na silika, kama ilivyoelezwa. Baadhi ya miamba yenye dhahabu huwa na aseniki kiasili, na kuisaga miamba hiyo hadi kuwa unga huirahisishia kuyeyuka.

Udongo wa Amani

Amani hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Mvua nyingi kwa karne nyingi imeosha chokaa na virutubisho vingine kutoka katika udongo wa juu, na kuacha udongo mwekundu ulio mchachu. Uchachu huo umekuwa neema kwa chai, lakini kwa habari ya metali nzito ni udhaifu, kwa sababu metali nyingi huyeyuka kwa wepesi zaidi katika udongo wa namna hiyo.

Chai yenyewe ni mwalimu mzuri. Alumini, ambayo ni metali nyepesi, huyeyuka kwa wingi katika udongo mchachu na huharibu mizizi ya mazao mengi kama mahindi. Mchai hauizuii, huipokea, huifunga na kuihifadhi katika majani yake. Katika majani makuukuu ya mchai, alumini yaweza kuzidi gramu 10 kwa kila kilo ya majani makavu, ilhali machipukizi yanayochumwa huwa na kiasi kidogo zaidi, na chai ikitiwa maji ya moto, sehemu kubwa hubaki katika makapi. Kwa hiyo katika mlima mmoja, udongo mmoja, mahindi hudumaa na mchai hunawiri, kila mmoja kwa tabia ya mizizi yake.

Kinga ya asili ya Amani ni mboji. Sakafu ya msitu na mashamba mseto yenye iliki, karafuu, mdalasini na migomba hudondosha majani mengi yanayooza na kukamata metali. Mlima unapofyekwa na kuachwa uchi, mboji hiyo huteremka na mvua ya kwanza, na mabonde hupokea matope pamoja na kila kilichoshikana nayo.

Yaliyowafika wengine

Katika bonde la Mto Jinzu, Toyama, nchini Japani, maji yenye kadimiamu kutoka mgodini yalimwagiliwa katika majaruba ya mpunga kwa miongo mingi. Wanawake wa makamo walianza kuvunjika mifupa kwa maumivu makali kiasi cha ugonjwa kuitwa kwa sauti ya mlio wa mgonjwa, itai-itai. Serikali ya Japani iliutambua rasmi kuwa ni ugonjwa wa uchafuzi mwaka 1968. Kazi ya kubadilisha udongo wa mashamba ilianza mwaka 1979, ikakamilika mwaka 2012. Uchafuzi uliingia kwa kufungulia maji tu. Kuuondoa kulihitaji zaidi ya miaka 30.

Karibu zaidi, katika mtaa wa Owino Uhuru mjini Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu kiliacha risasi katika hewa, maji na udongo wa makazi. Watoto na watu wazima walikutwa na risasi katika damu. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza madai ya wakazi, alitunukiwa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Wakazi walishinda kesi mwaka 2020 katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Haki ya mahakamani, hata hivyo, haiondoi risasi iliyokwisha kuingia mwilini.

Huko Katanga, kusini-mashariki mwa Kongo, kuna upande mwingine wa habari hii. Vilima vyenye shaba nyingi havina miti mikubwa, bali huota mimea midogo iliyozoea udongo huo. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, umejulikana sana kama ua la shaba, kwa kuwa kuota kwake kuliwaonyesha watafuta madini mahali penye mawe ya shaba. Mmea, ukisomwa vyema, ni shahidi wa kile kilichofichika ardhini.

Je, mimea inaweza kusafisha shamba?

Kwa kuwa mimea hufyonza metali, wengine hupendekeza kupanda mimea maalumu, kuivuna na kuiondoa shambani pamoja na sumu. Njia hiyo ipo na inatafitiwa duniani, lakini ni ya polepole. Huhitaji misimu mingi, na mavuno yake ni taka yenye sumu isiyofaa kulishwa mifugo, kuchomwa kiholela wala kurudishwa shambani kama matandazo. Kwa mazingira ya mlimani, faida ya haraka zaidi ya mimea ni kushikilia udongo mahali pake. Majani ya vetiva, matete na miti ya asili katika kingo za vijito huzuia matope yaliyochafuliwa yasifike katika bustani za chini wala bwawani.

Mambo ya kufanya katika kaya na kijiji

Bustani za mabondeni huzilisha familia nyingi katika miezi ya kiangazi na kuzipatia fedha za shule na matibabu. Haifai kuzikimbia kwa uvumi, wala haifai kuendelea kama kwamba hakuna shaka. Hatua zifuatazo zinawezekana.

1. *Kujua historia ya eneo.* Wazee na viongozi wa kitongoji hukumbuka mahali palipochimbwa dhahabu, palipochomwa zebaki, palipokuwa gereji au dampo. Maeneo hayo yaorodheshwe na kuwekwa wazi katika mkutano wa kijiji.

2. *Kuchagua zao kulingana na shaka.* Penye historia ya uchafuzi, mchicha na mboga nyingine za majani zisipandwe hadi udongo upimwe. Mahali hapo pafaa zaidi miti ya mbao au nyasi za kuzuia mmomonyoko. Mboga zihamishiwe katika udongo usio na shaka, hata kama ni katika viroba karibu na nyumba.

3. *Kuosha na kumenya.* Kuosha mboga kwa maji safi mara mbili au tatu, na kumenya mazao ya mizizi, huondoa vumbi na matope yenye risasi. Ieleweke, hata hivyo, kwamba kuosha na kupika hakuondoi kadimiamu iliyo ndani ya jani.

4. *Kurudisha mboji.* Samadi iliyooza vizuri na mboji ya majani hupunguza metali zinazoyeyuka na hulisha mimea, hivyo kupunguza njaa inayofungua milango ya mizizi. Taka za majumbani zenye betri, makopo ya rangi au vipande vya vifaa vya umeme zisichanganywe katika shimo la mboji.

5. *Kutumia chokaa kwa ushauri.* Chokaa ya kilimo hupunguza uchachu na kuzifunga kadimiamu, zinki na risasi. Lakini si dawa ya kila shamba: chai huhitaji uchachu, na penye aseniki chokaa yaweza kuilegeza. Pima kwanza, ndipo uweke.

6. *Kutochoma betri, nyaya wala matairi.* Moshi wake huanguka juu ya mboga, na majivu yake hubeba metali hadi bustanini. Majivu ya kuni safi hayana shida hiyo.

7. *Kulinda kingo.* Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu zinazoweza kuhatarisha mazingira ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au chanzo cha maji. Katika vijito vya Zigi, mita hizo ndizo kichujio cha kwanza cha maji ya vijiji na ya Jiji la Tanga.

Kwa wanaojishughulisha na dhahabu, Tanzania ni mwanachama wa Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017. Mkataba huo unazitaka nchi kupunguza, na inapowezekana kuondoa, matumizi ya zebaki kwa wachimbaji wadogo. Kuchoma zebaki ndani ya nyumba au jikoni ni kuwapa sumu watoto na wajawazito wa nyumba hiyo kabla haijafika kwa mtu mwingine yeyote.

Namna ya kuchukua sampuli ya udongo

Kwa shamba moja, sampuli huchukuliwa kutoka sehemu 10 hadi 15 zilizotawanyika, kina cha sentimita 0 hadi 20. Udongo wote huchanganywa katika ndoo safi ya plastiki, mawe na mizizi huondolewa, kisha nusu kilo huwekwa katika mfuko safi ulioandikwa jina la kijiji, eneo na tarehe. Ndoo ya bati isitumike, kwani zinki yake huharibu kipimo. Sehemu inayotiliwa shaka isichanganywe na shamba jingine. Ipewe mfuko wake.

Afisa kilimo wa kata ndiye mlango wa kwanza wa ushauri, naye huelekeza sampuli inakopaswa kwenda. Wilaya ya Muheza ina bahati ya kuwa na kituo cha TARI Mlingano, chenye historia ndefu ya utafiti wa udongo. Kwa vipimo vya kemikali na sumu, ipo Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Uchafuzi wa mto huripotiwa kwa mtendaji wa kijiji au wa kata, na kupitia kwao kwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira. Mwenye dalili za kiafya anazozihusisha na zebaki au risasi aende zahanati mapema na aeleze kazi anayoifanya pamoja na mahali anapoishi, kwa sababu mganga hawezi kukisia asichoambiwa.

Hitimisho

Amani ina urithi wa kuisoma mimea. Tangu taasisi ya utafiti wa kilimo ilipoanzishwa hapa mwaka 1902, mimea kutoka pande nyingi za dunia imejaribiwa katika miteremko hii, na kazi ya kupata mihogo inayostahimili magonjwa ilifanyika hapa hapa kwa miaka mingi. Ujuzi wa mizizi si mgeni mlimani.

Somo la mizizi kuhusu metali nzito ni fupi. Mmea hunyonya kilichoyeyuka, hupitisha kinachofanana na chakula chake, na hukificha kilichopita. Hauwezi kumwambia mlaji umekula nini. Kazi hiyo ni ya anayemiliki shamba, anayechimba ukingo wa kijito, anayetupa betri, na mkutano wa kijiji unaoamua kunyamaza au kusema. Mkutano ujao katika kila kijiji cha lindimaji la Zigi unaweza kuanza na ajenda moja: kuorodhesha maeneo yenye shaka, na kumkabidhi afisa kilimo wa kata orodha hiyo kabla ya msimu wa kupanda mboga.